Nyanya Mahali Palepale

Kila tulipomaliza kung'oa maharagwe, wazazi wangu walikuwa na desturi ya kuzunguka bustani yetu ya Nyamianda, tuta kwa tuta, wakisemezana jinsi msimu ulivyokwenda na mwaka ujao kipandwe nini na wapi. Walibishana sana, hasa juu ya nyanya. Mimi nilibeba kapu na kucheka.

Mwaka wa uasi mama alizunguka nami tu. Uhuru ulikuwa umempa baba kiti cha karani, na sasa waasi walioshika mji walimsaka kila aliyefanya kazi ofisini. Baba alijificha darini, kwenye kijumba cha jikoni, juu ya mafiga, mahali tulipotundika mbegu zipate moshi. Ili asikohoe, mama alipikia nje. Mbegu zikakosa moshi, zikaingiwa na fukusi, na mama akawa anazichambua moja moja. Majirani tuliwaambia baba amesafiri.

Siku ile tulizunguka karibu na jikoni, mama akisema kwa sauti ili baba asikie. Mboga za lengalenga zimestawi. Bilinganya zimekuwa chungu. Nilijua anafanya hivyo kwa kumpenda, ila kila neno liliniogopesha, maana njia ilipita nyuma ya ua wetu wa matete.

"Na tomati," akasema tulipofika kwenye tuta la nyanya, "mwaka wenye kuya tutaweka tena fasi ile ile."

"Apana!" Sauti ya baba ilitoka darini. "Pale zitaoza! Sikukuambia?"

Mama akajiziba mdomo, kana kwamba ni yeye aliyesema. Nje ya ua, nyayo zilisimama. Mwanamume mwenye mkuki akachungulia juu ya matete, majani yamefungwa kichwani kama walivyofanya waasi. Alitazama jikoni. Akatazama matuta. Nikaketi kwenye udongo.

"Ule muntu iko na haki, mama," akasema polepole. "Kwetu ku Kiringye, tomati haipandwake fasi moja mara mbili."

Akaenda zake. Amekwenda kuwaita wenzake? Hatukungoja kujua. Giza lilipoingia baba alishuka, akashika njia ya Kalundu kutafuta mtumbwi wa kumvusha ziwa. Hakuna aliyekuja kesho yake, wala keshokutwa, lakini mimi niliendelea kusikia nyayo.

Mvua ziliporudi, bado hatukuwa na habari za baba. Mama alibeba miche ya nyanya hadi kwenye tuta lile lile la zamani. Nikamwambia zitaoza. Aligeukia jikoni, akasema kwa sauti kubwa:

"Tomati naweka fasi ile ile. Unasikia?"

Tukasimama pale na miche mikononi, tukisikiliza.