Alasiri ya Malimau

Juzi sokoni Bariadi nilikuta kostiki ya kutengenezea sabuni ikiuzwa kwenye chupa ya soda, nikasikia tena harufu ya malimau.

Alasiri moja utotoni mwangu, mdogo wangu Masanja alikuwa amekunywa kostiki ya mama akidhani ni soda. Alilia, mate yakimchuruzika. Dada Kabula, wa kidato cha tatu, alikata malimau haraka.

"Mayu, hii ni besi! Mpe asidi, itabaki maji na chumvi tu!" alimwambia mama.

Mama alimkamulia mdomoni huku akimlilia Mungu. Masanja akanyamaza. Nilidhani limau limeshinda, nikapiga makofi.

Tulimzika kesho yake.

Sasa nafundisha kemia. Najua asidi na besi zikikutana hutoa joto kali linalounguza koo zaidi. Kabula hajawahi kuniuliza, nami sijamwambia.