Kengele Nyuma Yangu

Bado siamini. Jana tumemzika Elia kule Mishamo, na leo asubuhi nimejikuta nimesimama barabarani, nikisikiliza kengele ya baiskeli yake.

Wengi mnaonifuata hapa niliwafundisha. Mnanijua kwa chaki na fimbo. Hamkujua kwamba miaka ya tisini nilikuwa mwendesha baiskeli wa mashindano.

Elia alikuwa mkulima wa mahindi mwenye redio ndogo. Katika matangazo ya Kifaransa, lugha aliyosomea utotoni, alisikia jinsi timu za Ulaya zinavyopanda milima: mmoja anatangulia, anakata upepo na kushika mwendo; mwenzake anajificha nyuma yake hadi karibu na kilele, ndipo anachomoka. Siku hizi mnaita teamwork.

"Mwalimu, una mgongo mpana," aliniambia. "Utakuwa ukuta wangu."

"Na wewe?"

"Mimi mwizi nyuma ya ukuta."

Mlimani pumzi haikutosha kuongea, hivyo alinisemesha kwa kengele. Mlio mmoja: punguza. Miwili: ongeza. Kimya kirefu: nimebaki, usigeuke, nenda ushinde mwenyewe.

Mwaka mmoja zawadi ya mashindano ya mlimani ilikuwa baiskeli mpya. Mimi nilikuwa na yangu. Elia aliazima ya shemeji yake, na shemeji alishasema, "Jumatatu naitaka." Bila ushindi, mahindi yangerudi kichwani mwa mkewe.

Vijana wa Sibwesa walitutangulia. Kona zilituficha, lakini kengele yetu walishaizoea. Kila ilipolia, walikaza.

"Kanyageni nyie, ukuta unakuja!" walihimizana wakizomea.

Katikati ya mlima, kengele ikanyamaza.

Upepo ulinijaa masikioni. Nilitaka kugeuka kuliko nilivyotaka maji. Sikugeuka. Nilikanyaga huku nikimlilia mtu niliyedhani ameshuka, anakokota baiskeli ya shemeji.

Karibu na kilele nikawaona wale vijana. Walikuwa wamelegea, mmoja anakunywa maji, mwingine anacheka. Nikasogea pembeni, kwa mazoea tu, kama tulivyofanya mazoezini.

Kivuli kikanipita.

Elia! Kidole gumba kimeibana kengele isilie. Aliwapita kabla chupa haijashuka mdomoni.

"Mbona hukuniambia?" nilimfokea pale mwisho.

"Mwalimu, wewe hujui kudanganya. Ningekuambia, uso wako ungewaambia!" Akacheka hadi akakaa chini.

Baiskeli ile ilibeba mahindi, wagonjwa, na watoto wake wote kwa zamu. Jana ilikuwa imeegemezwa ukutani, karibu na jeneza. Sikuthubutu kuigusa kengele.

Tangu mlima ule sijawahi kuuamini ukimya. Wiki iliyopita nilimpigia simu, haikupokelewa. Nikapiga tena. Nikacheka peke yangu: mwizi huyo, ameibana kengele. Nilikuwa bado natabasamu mkewe aliponipigia.

Elia, tulipotoka makaburini nilitangulia watu wote. Nilisikia nyayo zao, kikohozi, mtoto akilia. Nilizichambua sauti hizo moja moja nikikutafuta. Sikugeuka, ndivyo tulivyokubaliana.

Kabla ya kufika barabara kuu, nilisogea pembeni kidogo, nikakuachia nafasi.

Bado nasogea. Hata leo asubuhi nimetembea ukingoni.

Lala salama, ndugu yangu. Njia iko wazi upande wa kulia.