Pua ya Kushoto

Mtoto wangu alipoanza kutambaa, usingizi ulihama nyumbani kwetu. Nasema hivyo, lakini si haki kumlaumu yeye peke yake. Ulikuwa msimu wa kahawa, na baridi ya Mbinga ilikuwa kali. Kila jioni tuliingiza ndani kahawa iliyokuwa inakauka vichanjani, kwa kuogopa umande na wezi. Kwa hiyo tulilala chumba kimoja mimi, mtoto na magunia. Mume wangu ni utingo wa malori ya makaa ya mawe kule mgodini Ngaka, analala nyumbani siku akipata nafasi.

Mtoto hakuwa anaamka kulia. Alikuwa anaamka kufanya kazi. Nafumbua macho, namkuta ameketi gizani anavuta uzi wa gunia. Au ameniingiza kidole mdomoni, anapapasa meno yangu moja moja. Nikiwasha simu anaukimbilia mwanga ukutani, anaupiga kiganja, halafu anakiangalia kiganja kama umebaki humo.

Mama mkwe, anayelala chumba cha pili, alikuwa anacheka asubuhi.

"Mwaka huu sifugi mbwa, mlinzi wa kahawa ninaye. Nyie wa ziwani mnalala hata kwenye mtumbwi, huyu ameikataa damu ya Lipingo."

Mimi ni wa Lipingo kweli, na sikuchukia. Mchana alinipokea mtoto nipate kupika na kufua. Alimpakata pale kichanjani huku akichambua kahawa, mtoto akashika punje viganja vyote viwili. Na mimi usiku, nikizidiwa, nilimwachia punje kwenye sahani azichezee nifumbe macho kidogo. Naandika yote mawili, isije ikawa nimeandika la mwenzangu tu.

Kisha yakaja mafua. Mtoto akaanza kukoroma kwa sauti nyembamba, kama filimbi. Watoto wote wa jirani walikuwa na mafua, na mama mkwe alisema ni baridi. Nilikubali. Lakini kila nikimfuta niliona kamasi linatoka pua ya kushoto tu, na lina harufu. Nilijiuliza kama ni mimi tu sijalala. Mtu asiyelala huona mengi. Nilimpigia mume wangu, akauliza, "Anacheza?" Nikasema anacheza. "Basi mzima huyo." Na kweli alikuwa anacheza, hakukosea.

Ila usiku sikuweza tena kufumba macho hata mtoto alipolala. Niliisikiliza ile filimbi. Ikikatika, namtikisa. Akiamka, najilaumu kumwamsha. Wazo likanijia kwamba kuna kitu humo ndani, na siku moja atakivuta kishuke kifuani. Niliishia darasa la saba, sijui njia ya pua inaishia wapi, lakini niliiona njia hiyo kichwani mwangu mpaka kulipokucha.

Asubuhi nikamwambia mama mkwe. Hakubisha. Alimlaza mtoto mapajani, akaweka mdomo wake juu ya pua na kunyonya, kama wanavyofanyiwa watoto wetu wote. Tundu la kulia likatoa kamasi, akatema. Kushoto akanyonya, akanyonya tena, akainua uso.

"Huku hakuji kitu," alisema. "Pameziba."

Tukatazamana. Halafu akachomoa pini kwenye kilemba chake.

"Mshike kichwa."

"Hapana, mama."

"Mshike, nitakwangua taratibu."

"Hapana, mama. Nisamehe."

Sikuwahi kumkatalia neno tangu niolewe. Yeye aliwalea sita na wote wako hai, mimi nina huyu mmoja. Nani alikuwa anajua zaidi? Nilikuwa na hofu tu. Alirudisha pini kilembani, akasema kwa sauti ya chini, "Basi wahi bodaboda. Kahawa nitaangalia mimi."

Kituo cha afya nilimkuta daktari kijana, mgeni wa huku, kwa lafudhi yake nadhani wa pwani. Alimulika pua.

"Kuna kitu. Nani alijaribu kukitoa?"

"Bibi yake. Alinyonya."

"Hakutumia kijiti wala pini?"

"Hapana."

"Afadhali. Sasa mama, utapuliza wewe. Mdomo wako ufunike wa mtoto. Mimi nabana tundu la kulia."

"Si kitashuka ndani?"

"Pumzi yako itatokea puani. Wewe puliza mara moja, kwa nguvu. Tukishindwa nawaandikia mwende wilayani."

Nilipuliza vibaya, mtoto akacheka, akadhani mchezo. Daktari naye akacheka. Mimi sikuweza. Nilipuliza tena, na kitu cha maji kikanipiga shavuni. Ilikuwa punje ya kahawa, imevimba, imekuwa nyeusi. Mtoto alipiga chafya, akapumua, na ile filimbi haikuwepo.

Daktari alimulika tena pande zote mbili, akasema pako wazi. Mlangoni nikarudi kumuuliza kama ana uhakika ni moja tu. Akamulika tena, bila kukasirika.

Nyumbani mama mkwe alikuwa amesimama barabarani. Nilimwonyesha punje kwenye karatasi.

"Ilikuwa ya kwangu ya mchana, au ya kwako ya usiku?" aliuliza.

"Sijui, mama."

Ndiyo kweli, sijui mpaka leo. Akasema, "Usiku huu alale kwangu. Wewe huna macho tena."

Nilikuwa nautaka usingizi kuliko chakula, na bado nilimshikilia mtoto. Nadhani aliona. Alifungua kitenge chake kiunoni, akakikung'uta pale uani. Punje mbili zikaanguka.

"Na wewe," akasema.

Nikakung'uta changu. Zikaanguka tatu, na moja nyingine ikabaki kwenye pindo, nikaitoa kwa kucha.

Akanyoosha mikono. Nikampa mtoto. Usiku nililala chali kitandani nikisikiliza ukutani, sikusikia kitu, na hicho ndicho kilichoniinua. Nilikwenda mlangoni kwake kuhakikisha. Alikuwa macho, tochi mkononi, anafagia chini ya kitanda.