Matanga ya Baba Mwanahawa

Harufu ya salfa ndiyo iliyokuwa ikituamsha. Mwezi wa sita ukishaingia, kabla jua halijaondoa ukungu juu ya kijiji chetu cha Mkunya, wanaume walikuwa tayari wako mashambani na mashine zao mgongoni, wakipuliza ule unga wa njano kwenye mikorosho, na upepo baridi wa huku juu ulituletea ukungu na salfa kwa pamoja mpaka ndani. Iliingia kwenye mablanketi, kwenye uji, kwenye nywele zetu tulizosukwa juzi. Baba alirudi saa nne macho mekundu, akakaa kizingitini. Mama wakati huo alikuwa hajafika. Alitoka alfajiri kuteremka bondeni kwenda kuchota maji, na kule kuteremka si kazi, kazi ni kupanda, ndoo kichwani, kilima kikikutazama usoni. Nikiukumbuka mwaka ule, jambo la kwanza linalonijia ni kwamba watu wazima wote niliowajua walikuwa wamechoka. Mimi nilikuwa darasa la tano, na nilidhani kuchoka ni sehemu ya utu uzima, kama ndevu.

Ilikuwa miaka ile ambayo mambo yalianza kubadilika yenyewe, bila mtu kutuuliza. Ushirika tuliouzoea ulikuwa umelegea, wanunuzi wa korosho walikuja na malori yao wenyewe, na mnadani mitumba ilirundikwa chini watu wakichagua kwa kuinama. Wapo waliofurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi, maana miaka iliyotangulia hata sabuni ilikuwa taabu kuipata. Lakini kuna vitu vilikufa kimyakimya. Kisomo, yale madarasa ya watu wazima ambamo mama yangu alijifunza kusoma akiwa na watoto wawili, hakikufungwa kwa tangazo. Siku moja chaki ziliisha, na hazikuja nyingine.

Aliyekuwa akifundisha kisomo alikuwa Mwalimu Nambunga, mwanamke mwembamba wa makamo, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Darasa lake lilikuwa chumba kimoja karibu na ofisi ya kata, na ndani yake kulikuwa na rafu ya vitabu: ufugaji wa kuku, uchimbaji wa vyoo, afya ya mtoto, na riwaya chache. Riwaya moja kati ya hizo ndiyo iliyowateka wanawake wa Mkunya. Ilimhusu mjane aitwaye Mwanahawa, aliyekataa kurithiwa na shemeji yake, akaondoka na mtoto mgongoni kwenda kutafuta maisha kwenye mashamba ya mkonge. Sijui waliisikiliza mara ngapi. Hata baada ya kisomo kufa, kila Jumamosi alasiri walikusanyika barazani kwa Mwalimu, kila mmoja na muhogo wake wa kumenya, naye Mwalimu akasoma. Visu vilikwenda taratibu. Pakifika mahali pa uchungu visu vilisimama vyote.

Mwandishi wa kitabu kile hawakumwita kwa jina lake. Kwetu mtu mzima aliyezaa haitwi hivihivi, anaitwa kwa mtoto wake, na kwa kuwa yule bwana alimleta Mwanahawa duniani, walimwita Baba Mwanahawa. Walimzungumzia kama jirani aliyehamia mbali. Mama Agnesi, rafiki mkubwa wa mama yangu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya, alikuwa akisema, "Baba Mwanahawa anatujua. Yule alilelewa na mama aliyeteseka, hakuna namna nyingine." Mama yangu aliendelea kumenya. Mama alikuwa mtu wa maneno machache, na sikuwahi kujua kama kitabu kile kilimgusa au alikwenda barazani kupumzisha miguu tu.

Habari ya kifo ililetwa na redio ya Mwalimu, Jumamosi moja kabla hajafungua kitabu. Ilisomwa taarifa fupi: mwandishi fulani amefariki dunia baada ya kuugua, ameacha mke na watoto. Kisha ukapigwa muziki. Wanawake wengine hawakulitambua lile jina, mpaka Mwalimu alipovua miwani akasema polepole, "Jamani. Huyo ni Baba Mwanahawa."

Mama Agnesi aliweka kisu chini. Akafunika uso kwa kanga na kuanza kulia, kwa sauti, kama anavyoliliwa mtu wa ukoo. Wengine wakafuata. Nilikuwa nimekaa ngazini na nikaona haya, nikatazama njiani nani anapita. Nilipogeuka nilimwona mama yangu ameshika kipande cha muhogo mkononi, hamenyi, halii, midomo inacheza tu kama mtu anayehesabu.

Wakaamua kukaa matanga. Ugomvi ukaja hapohapo: marehemu alikuwa wa dini gani? Jina la kwanza lilielekea huku na la pili huku, na kitabuni watu wake walikwenda kanisani na msikitini wote. Mwisho kila mmoja aliomba kwa njia yake. Siku tatu walilala nyumbani kwao kama kawaida, walichota maji kama kawaida, lakini alasiri walikaa kwenye mikeka barazani kwa Mwalimu bila kusuka wala kucheka, na aliyepita aliwapa pole bila kuelewa. Wanaume waliwacheka sana. Baba alimwuliza mama, akiosha macho yake kwenye beseni, "Mnamlilia mtu hamjapata hata kumwona?"

"Yeye alituona," mama alijibu.

Baba alitikisa kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mikorosho aliyoipulizia salfa ya kukopa, na hakujua nani angekuja kuinunua korosho mwaka ule.

Wiki chache baadaye chumba cha kisomo kilikodishwa kwa mfanyabiashara aliyetaka pa kuweka mizigo yake. Mwalimu Nambunga aliambiwa arudishe kila kilichokuwa mali ya darasa, naye, kwa uaminifu ambao nadhani aliujutia mpaka mwisho, alirudisha kila kitu, pamoja na riwaya iliyokuwa imelala nyumbani kwake mwaka mzima. Aliahidiwa kwamba vitabu vitahifadhiwa ofisini. Alikwenda kuuliza mara mbili. Mara ya pili hakuna aliyejua vimekwenda wapi.

Tulikuja kujua kwa njia ambayo siwezi kuisahau. Baba alitoka Newala mjini, akatuletea karanga za kukaanga zilizofungwa kwenye karatasi. Tulizigombea, tukazimaliza. Mama alikuwa na tabia ya kusoma kila karatasi iliyoingia nyumbani, hata ya sabuni, kama mtu anayeogopa kusahau. Akaikunjua ile, akainyoosha juu ya goti. Kisha akanipa. "Soma, Somoe," aliniambia. "Soma kwa sauti, macho yangu yananidanganya."

Nikasoma. Ilikuwa pale Mwanahawa anapofika kwenye mto na mwenye mtumbwi anamwuliza anakwenda kwa nani. Mafuta ya karanga yalikuwa yamepenya mpaka upande wa pili. Mama aliinuka akaenda nyuma ya nyumba, na kwa mara ya kwanza maishani nikamsikia akilia. Hakulia kwa sauti kama Mama Agnesi. Ilikuwa sauti ndogo, ya mtu anayepandisha kilima.

Baba alisikia pia. Asubuhi iliyofuata hakwenda shambani. Alirudi jioni kwa miguu kutoka Newala, kwapani ana furushi lililofungwa kamba, akaliweka mezani. "Yule mama wa karanga hana kosa," alisema, kana kwamba kuna aliyemlaumu. "Aliuziwa karatasi, akanunua karatasi. Zilizobaki ndizo hizi." Akaenda kuoga. Hatukumsikia tena akicheka habari za matanga.

Zilikuwa kurasa nyingi kuliko tulivyotumaini, lakini mwisho wote ulikuwa haupo. Mwalimu Nambunga akapanda lori kwenda Masasi kutafuta nakala nyingine. Alilijua duka moja kule lililokuwa likiuza vitabu, ambako aliwahi kununua kamusi yake. Alilikuta limejaa suruali za mitumba na redio kaseti. Mwenye duka alimwambia, "Mwalimu, siku hizi nani anauliza vitabu?" Alirudi kesho yake, vumbi mpaka kwenye kope, amebeba kaunta buku mbili mpya na kalamu. "Kama hakiuzwi tutakiandika," alisema, na macho yake yakanitafuta, kwa sababu shuleni nilisifiwa kwa mwandiko.

Sikutaka. Lazima niseme hivyo, maana ningependa sana kusema nilifurahi. Wenzangu walikuwa wanacheza rede, nami nimekaa barazani nanakili kurasa zenye mafuta, kidole kimevimba mahali kalamu inapokaa. Jumamosi zilipita, na baada ya Jumamosi wakaniongezea Jumapili. Siku moja nikachoka, nikaruka sehemu nzima, nusu ukurasa wa mzee mmoja anayesimulia habari za mbuzi wake. Nilipowasomea nilichoandika, mama akainua mkono.

"Hapo pamepungua mtu," alisema.

"Ni mzee wa mbuzi tu, Mama. Hana kazi yoyote kitabuni. Nani atajua?"

"Mimi najua. Na aliyemweka hapo alijua kwa nini alimweka." Hakunigombeza zaidi. Aliusogeza ukurasa mbele yangu, akarudi kumenya muhogo. Nikaandika upya, machozi yakidondoka kwa hasira.

Tulipofika kurasa zilizopotea, kila mtu alikuwa na mwisho wake. Mama Agnesi aliapa kwamba Mwanahawa alimsamehe shemeji yake na wakala pamoja. Mwingine akasema hapana, alimfukuza mlangoni. Mwalimu mwenyewe, aliyekisoma mara nyingi kuliko wote, alikumbuka mambo yaliyotokea na si maneno. Walibishana mpaka kelele zikawa za ugomvi wa kweli, na Mama Agnesi akaanza kukusanya muhogo wake aondoke.

Ndipo mama yangu, bila kuinua uso, akaanza kusema. Nilidhani anazungumza na mtu. Alisema sentensi ya kwanza, akanyamaza, akasema ya pili, na baraza lote likatulia. Hakuwa anasimulia, alikuwa anasoma, ila kitabu hakikuwepo. Ilikuwa sura ya mwisho, neno kwa neno. Mwalimu aliziba mdomo kwa mkono. Baadaye alinieleza kwamba miaka ya kisomo, alipompa mama kazi ya kusoma peke yake kwa mara ya kwanza, mama aliogopa kuanza mwanzoni mbele ya watu, akachagua kurasa za mwisho, akaenda na kitabu nyumbani. Alizisoma akipika na akinyonyesha, akazichukua moyoni njia nzima ya bondeni, kwenda na kurudi, mpaka zikawa hazitoki.

Ilituchukua Jumamosi mbili kuziandika. Mwanahawa hakumsamehe shemeji wala hakumfukuza. Alimpa maji ya kunywa, akamwambia apumzike kidogo kabla hajarudi alikotoka. Mama alipofika hapo alisita, akaitamka sentensi hiyo mara mbili, ili nisikosee. Mama Agnesi alikuwa akilia tena, na safari hii sikuona haya.

Kaunta buku zile Mwalimu alizishonea jalada la gunia. Zilikwenda Chilangala zikarudi, zikaenda Makote zikakaa mvua nzima, zikarudi na majina ya watu yameandikwa pembeni, na mahali pengine mtu ameandika kwa penseli, "Hapa tulilia." Zilipokwenda tena hazikurudi. Mwalimu hakuzitafuta. Alisema zikiwa zinasomwa hazijapotea, na zikiwa hazisomwi hakuna haja ya kuzitafuta. Alifariki wakati mimi niko chuo cha ualimu, na nilipata habari zikiwa zimechelewa.

Sasa naishi Masasi, nafundisha Kiswahili sekondari, na nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao mama mwaka ule. Maji yanatoka bombani karibu kila siku. Simlaumu mtu yeyote. Wanafunzi wangu wanasoma muhtasari wa riwaya ulioandikwa na mtu mwingine, wanafaulu, na mimi nawafundisha hivyohivyo kwa sababu madaftari ya kusahihisha ni mengi na mtihani hausubiri. Nikirudi nyumbani alasiri navua viatu na kukaa. Kitabu cha mwisho nilichokimaliza kwa ajili ya nafsi yangu, siwezi kukuambia ni kipi bila kufikiri kwanza.

Mwaka jana alifariki mwandishi mmoja ambaye riwaya zake zilinisindikiza ujanani. Habari iliingia kwenye kundi letu la walimu saa saba mchana, nikiwa kwenye foleni ya benki. Mmoja aliandika pole, mwingine akaweka picha ya mshumaa, wa tatu akauliza kama mishahara imeingia. Nilianza kuandika jambo refu, kwamba mwanamke wa kwenye kitabu chake aliwahi kunizuia nisifanye ujinga fulani nikiwa na miaka ishirini na minne. Niliandika mistari miwili. Foleni ikasogea. Nikaifuta, nikaweka mshumaa na mimi, nikarudisha simu kwenye mkoba, na nilipofika dirishani yule binti wa benki aliniuliza, "Mama, una nini? Unaumwa?" Nikamwambia hapana, nimechoka tu.