Chapa ya Duara

Majina yote ya watu wa habari hii nayakumbuka, mpaka la ngamia. Sitayaandika, maana wenyewe wako hai na wana midomo.

Mimi nauza maziwa ya ngamia sokoni Garissa. Binti yangu anakamua huko malishoni, mitungi inaletwa na gari, yote ya manjano, yote sawa. Gari likifika tu, mwenzangu wa meza ya pili ananyakua mitungi yangu mitamu na kuniachia yake iliyochacha. Wateja wakaanza kunihama.

"Wallahi abaayo, dada yangu, nimechanganya tu," anasema.

Mwaka mzima anachanganya, na hajachanganya hata mara moja kwa hasara yake.

Basi nikaamua kupiga mitungi chapa ya ngamia wetu: duara na kijiti chini yake. Nikapasua kopo la mafuta ya kupikia, nikalinyoosha, nikachora chapa kwa msumari, nikate tundu la kupitishia rangi. Nikaliweka juu ya gogo, nikakata kwa tindo ndogo na nyundo, kidogo kidogo, kisha tupa ya kulainisha kingo. Ukipiga kwa hasira bati linajikunja. Nikawa napiga huku nikisoma istighfari, lakini kila nikimkumbuka yule mama naanza upya.

Nilipomaliza kuzungusha duara, katikati pote pakadondoka. Hilo sikuliwaza. Nikapaka rangi, likatoka doa jeusi.

"Abaayo, hiyo ni chapa au ngamia amekunya?" mwenzangu akauliza.

Kopo la pili nikaacha vidaraja viwili vya bati, vyembamba kama njiti ya kiberiti, vishike katikati. Kazi safi! Nikapaka mitungi yangu yote mitupu. Mwenzangu akaja kutazama, akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. Vile vidaraja viliacha nafasi mbili bila rangi, na duara lililokatika pande mbili, kijiti chini yake, ni chapa ya ngamia wa kwao. Nilikuwa nimempa mitungi yangu yote kwa mkono wangu mwenyewe.

"Allah akulipe," akasema, tayari ameshika miwili.

"Weka chini, mwizi wewe! Rangi haijakauka!"

Nikachovya kidole kwenye rangi, nikaziba zile nafasi, mtungi baada ya mtungi. Kidole kikawa cheusi kama cha mtu aliyepiga kura mara ishirini.

Gari liliporudi na maziwa, mwenzangu aliinua mtungi wangu mmoja, akaugeuza, akaurudisha chini.

"Kidole chako kichafu."

"Kichafu, lakini maziwa yangu."

Akafungua wake mbele ya wateja. Harufu ya kuchacha ilinifikia mezani kwangu, nikasema alhamdulillahi, tena kwa sauti.