Pazia la jukwaa lililohamia sebuleni

Saa mbili asubuhi, nyasi za mji wetu mdogo wa Waitoko zimeganda na kuwa nyeupe, na Ngaire Topi anafungua madirisha. Anafungua la sebuleni, la jikoni, la chooni, kisha anaukabili mlango wa nyuma, ambao umevimba kwa unyevu na hautaki kufunguka. Anaupiga bega. Unafunguka.

"Anti, umekuja kutupasha moto au kutugandisha?" anauliza Lupe Mahe, mpangaji wa nyumba hii. Amejifunga blanketi moja kiunoni na jingine mabegani.

"Subiri, mwanangu. Maji yatoke kwanza, ndipo joto liingie."

Maji anayoyasema yanaonekana. Vioo vinatiririka kama vile mvua inanyesha ndani. Chini ya dirisha kubwa la sebule ukuta umefanya ukungu mweusi, na mbele ya hita ya gesi kuna viti vitatu vilivyovishwa nepi na ovaroli za Semisi, mumewe Lupe, anayekamua ng'ombe katika shamba la jirani.

Hili si kosa la Lupe peke yake. Ni ugonjwa wetu sisi watu wa kusini, ambako Julai ndiyo kilele cha baridi. Baridi ikiingia tunaziba kila tundu, tunawasha gesi, tunaanika nguo mbele yake, halafu tunashangaa kwa nini nyumba inanuka kama soksi iliyosahauliwa. Ukilalamika, utaambiwa uvae sweta ya pili. Mimi nimeambiwa hivyo tangu nizaliwe na sijaona sweta iliyokausha ukuta.

Ngaire anaiinua ile hita ya gesi na kuipeleka bandani. "Hii inatoa mvuke kama birika," anamwambia Lupe. "Mtawasha jiko la kuni la hapa sebuleni, basi. Nguo mtaanika barazani hata zikikauka Jumapili ijayo. Na kila asubuhi fungua madirisha muda wa kunywa chai yako, kisha funga."

"Na mama mkwe akipiga simu kutoka Tonga akasikia nafungua madirisha Julai?"

"Mwambie aje afunge mwenyewe."

Lupe anacheka, lakini kicheko hakikai. Binti yake Ana, mwenye miezi sita, yuko hospitalini mjini Invercargill kwa mara ya tatu tangu Mei. Kifua. Anatarajiwa kurudi Ijumaa, na muuguzi amesema chumba atakacholala kisishuke chini ya nyuzi joto kumi na nane. Leo ni Jumatatu. Kipimajoto alichokitundika Ngaire ukutani kinasoma tisa.

"Nikimrudisha humu kama mlivyo, nitakuwa namrudisha akaugue tena," anasema Lupe. "Sitaki kwenda kule mara ya nne."

Ngaire ana umri wa miaka sitini na mmoja. Alishona makoti kiwandani mpaka kiwanda kikafungwa, akarudi Waitoko kumuuguza mama yake, na hakuondoka tena. Kazi yake sasa ni mapazia. Watu huleta ya zamani, naye huyafua, huyatia viraka, huyashonea bitana nene kwa nyuma, kisha huenda kuyatundika katika nyumba zenye baridi bila kudai kitu. Mfuko wa hisani wa wilaya humlipa siku tatu kwa wiki. Anafanya kazi siku tano.

"Hizo mbili ni zawadi yangu," anasema. "Mgongo ndio unaonidai."

Karakana yake ni lililokuwa duka la nyama. Kulabu za nyama bado ziko darini, na ndizo anazotundikia mapazia.

Kazi hii aliirithi, kwa namna fulani. "Mama alikuwa anapigilia mablanketi ya jeshi madirishani kila Mei. Tuliishi gizani kama popo mpaka Septemba. Shuleni walitucheka. Ila hatukukohoa."

Nyumba ya akina Lupe ilijengwa kwa ajili ya meneja wa mgodi wa makaa, enzi mgodi ukiwa hai. Dari iko juu, na dirisha la sebule limetokeza nje kwa pande tatu, refu kutoka karibu na sakafu hadi karibu na dari. Kodi yake ni ndogo, na ukikaa humo nusu saa bila koti utajua kwa nini.

Pazia lililopo linaishia katikati ya ukuta. Ngaire anachana kipande cha karatasi ya chooni na kukishika chini ya pindo lake. Karatasi inapepea.

"Unaona? Hewa ya chumba ikigusa kioo inapoa, inazama, inatokea hapa chini na kuja miguuni mwako. Pazia fupi ni feni tu. Linatakiwa lifike sakafuni, lipite pembeni, na juu tuzibe na ubao."

"Basi lete refu, Anti."

"Ndiyo shida yenyewe. Mapazia ninayoletewa ni ya nyumba za kawaida. Humu yatakuwa kaptula. Ningeunga vipande, lakini Julai hii kulabu zangu ni tupu."

Waitoko nzima ina kitambaa kimoja tu chenye urefu huo, na kila mtu anakijua. Ni pazia la jukwaa la ukumbi wetu, mahameli ya rangi ya damu ya mzee, zito kiasi kwamba linahitaji watu wawili kulivuta. Akina mama wa mgodini walilishona mwaka ukumbi ulipofunguliwa. Pazia hilo hufunguliwa rasmi mara moja kwa mwaka, kwenye tamasha la katikati ya baridi, mwisho wa Julai.

Mwenyekiti wa ukumbi ni Heather Galbraith, mwenye miaka sabini na saba. Mama yake ndiye aliyeongoza ushonaji ule.

Jumanne tulimkuta Heather akipanga viti. Ngaire hakuzunguka.

"Heather, nataka pazia."

"Pazia gani?"

"Unalijua."

Heather aliweka kiti chini. "Binti wewe, ukilikata pazia la mama yangu nitakuzika nalo."

"Angalau nitazikwa na joto."

"Sicheki. Kila mtoto wa mji huu amesimama nyuma ya pazia lile akitetemeka. Wewe pia."

"Mimi nilijikojolea nyuma yake. Nilikuwa kondoo wa pili kwenye igizo la Krismasi."

"Najua. Mama ndiye aliyelifua." Heather alikuwa karibu kutabasamu, akajizuia. "Shule imefungwa. Posta imefungwa. Mgodi ndio usiseme. Tamasha likikosa pazia, tutabaki na nini, Ngaire? Watu wataimba mbele ya ukuta?"

Ngaire alimweleza kuhusu mtoto, Ijumaa, na nyuzi kumi na nane. Heather alisikiliza mpaka mwisho, akasema pole, akasema hapana.

Sikumwona mkaidi. Nilimwona mtu anayelinda kitu cha mwisho alichoachiwa, na ningemwelewa zaidi kama nisingekuwa nimetoka kuona ule ukuta mweusi.

Kwetu, mtu akija kukukatalia jambo huja na sahani. Jumatano mchana Heather aligonga mlango wa Lupe akiwa amebeba mikate ya jibini, ile ya kuviringishwa na kuchomwa na siagi juu. Alitaka kumweleza mwenyewe, uso kwa uso, kwa nini haiwezekani. Ngaire alikuwa juu ya ngazi akipima ubao wa juu ya dirisha. Hakushuka.

"Karibu ndani, Bi Heather," alisema Lupe. "Usivue koti."

Heather aliketi kando ya dirisha. Alianza hotuba yake vizuri, akafika kwenye habari za mama yake, kisha akaanza kukunja vidole vya miguu ndani ya viatu. Lupe aliliona hilo. Alitoa blanketi la mabegani mwake akamfunika magoti, akaenda kuleta chai.

Heather akageuka kumfuata kwa macho, ndipo alipoona kitanda cha mtoto. Kilikuwa kwenye korido, kimebanwa kati ya mlango wa bafu na kabati la mifagio, kimetandikwa vizuri, na mwanasesere wa sufu amekwisha wekwa juu ya mto.

"Mbona kitanda kiko kwenye njia?"

"Ndiko pekee kusiko na dirisha," alisema Lupe.

Heather hakuimalizia hotuba. Alikunywa chai yake yote, akalikunja lile blanketi pembe kwa pembe, akaaga. Mlangoni alimwambia Ngaire bila kuinua kichwa, "Sahani nitaichukua kesho."

Alhamisi asubuhi simu ya karakana iliita. Ngaire aliniambia baadaye kwamba Heather hakusalimia. Alisema tu, "Njoo na ngazi. Mkasi uache huko huko."

Pazia lilikuwa limetandazwa jukwaani lote. Heather alikuwa amepiga magoti juu yake, miwani puani, kifaa cha kufumulia mkononi.

"Halikatwi," alisema. "Linafumuliwa. Mama aliunga vipande vinane, na kila kipande kimekwenda kutoka juu mpaka chini. Ukifuata mishono yake hutaumiza hata uzi mmoja wa mahameli."

Wanawake sita walikaa sakafuni kufumua. Uzi ulikuwa wa kushonea vifungo vya makoti, nao ulishikilia kwelikweli.

"Mama yako alikuwa anashona pazia au anafunga ng'ombe dume?" aliuliza Ngaire, akinyonya kidole alichojichoma.

"Fumua, acha maneno."

Ndani ya pindo walikuta vipande vya chuma vya duara, vyenye tundu katikati, vilivyotoka mgodini. Akina mama walivishonea humo ili pazia lisipepee. Mmoja wa wanawake alitaka kuvitoa kwa sababu ni vizito. Ngaire alimshika mkono. Uzito ule ndio utakaolikalisha pindo sakafuni na kuinyima baridi njia.

Jioni hiyo Ngaire alitia bitana kwenye vipande vitatu, na Ijumaa saa nne asubuhi viko juu, kimoja kwa kila upande wa dirisha, na ubao umeziba juu. Semisi amepata kuni kavu kutoka kwa wenzake wa shambani. Magodoro na kitanda cha mtoto vimehamishiwa sebuleni, kwa kuwa familia yote italala humo mpaka baridi iishe. Korido imezibwa kwa blanketi, na chini ya mlango kuna soksi ndefu ya sufu iliyojazwa mchele.

Ngaire anachana karatasi ya chooni. Anaishika chini ya pindo. Wote tunaiangalia. Karatasi haitikisiki.

"Hebu," anasema Heather, anamnyang'anya, anainama kuijaribu mwenyewe kona hadi kona. Hakuna kitu. Anaitia karatasi mfukoni mwa koti lake, kisha anagundua kwamba koti amelivua, liko kwenye kiti, na kwamba amekuwa amelivua kwa muda.

Saa tisa kipimajoto kinasoma kumi na nane na nusu. Saa kumi na moja gari la Semisi linaingia, na Lupe anashuka na Ana kifuani. Muuguzi wa wilaya, aliyekuja kukagua, anashika ukuta kwa kiganja, anasoma kipimajoto, na kusema kitanda kikae pale, mbali kidogo na jiko.

Lupe anamlaza mwanawe. Halafu anakaa sakafuni, anaegemeza mgongo kwenye yale mahameli na kulia, bila kujificha. Heather anaangalia pembeni na kuuliza sahani yake iko wapi.

Majuma mawili yamepita ninapoandika haya. Ana bado anakohoa kidogo asubuhi. Jikoni bado ni baridi, na ukungu mweusi ulisuguliwa ukarudi kidogo, ukasuguliwa tena. Lakini hospitali hawajaiona. Vipande vitano vilivyobaki vimetundikwa katika nyumba nyingine mbili za zamani, mojawapo ya mzee aliyekuwa akilala na kofia.

Tamasha liko palepale, Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Hilo ndilo sharti la Heather, na ndio mpango ambao Ngaire anaupigia hesabu sasa. Alasiri ya siku hiyo kila nyumba itashusha kipande chake na kukileta ukumbini. Vitaunganishwa kwa pini kubwa, kwa mpangilio uleule wa zamani, na kesho yake kila mtu atachukua chake. Lupe na Semisi wataimba na kwaya ya Watonga wa mashambani. Ana atavishwa sufu mpaka masikioni na kukaa mapajani mwa Heather, mstari wa mbele, karibu na jiko. Heather ameshajitengea kiti.

"Nataka iwe hivi kila mwaka," anasema Ngaire, akizipanga pini zake kwenye bati la biskuti. "Hata mimi nikishachoka, waendelee."

Nikamuuliza kuhusu zile nyumba. Saa kadhaa bila mapazia, katikati ya Julai?

"Zitakuwa baridi kama kaburi," anasema. "Lakini hebu niambie, nani atakuwa nyumbani?"