Kiwiko cha Anitha

Siku ya kwanza kazini nilichelewa dakika ishirini, na sababu niliyoitoa ilikuwa foleni ya Buguruni. Fundi Mkuu wa yadi, mtu mnene aliyefunga suruali kwa kamba badala ya mkanda, alinitazama kuanzia viatu mpaka mtandio. "Foleni ya Buguruni ipo kila siku, dada," alisema. "Na kesho utaikuta palepale." Nilikuwa nimeajiriwa kuwa karani wa mapokezi, niandike majina ya wateja na kupokea simu, na kuhusu pikipiki sikujua chochote zaidi ya kupakiwa nyuma.

Yadi ile ilikuwa inauza pikipiki za kila aina, lakini zilizokuwa zinawasimamisha wapita njia ni zile za miguu minne, ambazo wenyewe wanaziita kwadi. Kiti cha pikipiki, usukani wa pikipiki, ila chini kuna matairi manne manene. Walizinunua watu wa mashamba, watu wa hoteli za ufukweni, na wazazi waliojenga kwenye viwanja vikubwa nje ya mji wakataka watoto wao wapate mchezo ambao mtoto wa jirani hana. Hao wa mwisho ndio walionibadilishia kazi.

Watoto walimwogopa Fundi Mkuu. Akimwambia mtoto apande mashine, mtoto analia. Siku moja aliniita kutoka mapokezi. "Somoe, njoo umkalishe huyu. Wewe una sura ya shangazi." Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, sijaolewa, kwa hiyo sifa hiyo sikuifurahia sana. Lakini mtoto alinyamaza, na tangu siku hiyo nikawa mpimaji.

Nawaeleza nyie mnaouza siku hizi kwa picha za simu, maana naona mzazi anatuma umri wa mtoto kwa ujumbe na jioni mashine inashushwa getini. Umri peke yake hauwaambii kitu. Fundi Mkuu alinifundisha kuanza na kiti: mtoto akae, kisha asimame juu ya vikanyagio, na kati ya suruali yake na kiti vipite vidole vyangu vitatu au vinne. Visipopita, miguu bado mifupi, na mashine ikiruka kwenye shimo itamrusha. Halafu mikono. Avute breki bila kuachia usukani, na kidole kiufikie mkono wa breki hadi pingili ya kwanza. Halafu akate kona mpaka mwisho, kushoto na kulia, nami nakitazama kiwiko cha mkono wa nje. Kiwiko kikibaki kimekunjwa, sawa. Kikinyooka, au mtoto akiinuka kitini kuufuata usukani, mashine ni kubwa kwake na mazungumzo yameisha.

"Kiwiko hakimjui baba wa mtoto," Fundi Mkuu alikuwa akisema. "Hakijui kaja na gari gani. Kitazame hicho, usimtazame baba."

Mwisho tulipima usikivu. Nilimwambia mtoto alizunguke polepole pipa la bluu, asilisogelee lile jekundu, kisha arudi asimame mbele yangu. Aliyekwenda kwenye jekundu tulimwomba mzazi wake amrudishe mwakani. Wengine walikasirika wakaenda kununua kwingine, na Fundi Mkuu aliwapungia mkono.

Ukubwa wa injini, ile cc, ulikuja baada ya hayo yote. Mdogo alipewa cc 50, aliyechangamka kidogo 70 au 90, na kuendelea. Kila mashine ya mtoto ilikuwa na skrubu kwenye kibonyezo cha mafuta, kile kinachosukumwa kwa kidole gumba. Ukiikaza skrubu, kibonyezo hakifiki mwisho, na mashine inatembea mwendo wa kuku. Wazazi waliipenda sana skrubu hiyo. Nami niliipenda kuliko ilivyostahili.

Neno lililotusumbua kuliko yote lilikuwa "atajaa". Mnalijua. Sote tumevaa sare za shule zilizotupwaya, mikono imekunjwa mara tatu, kwa sababu mama alinunua ya kutufikisha darasa la saba. Viatu tulivijaza karatasi mbele. Basi mzazi anasimama yadini na mtoto wa miaka minane, anaelekeza kidole kwenye mashine ya kijana wa kidato cha pili, anasema, "Hii hii, atajaa." Nilikuwa na jibu langu. "Kiatu kikimpwaya ataanguka yeye, mzee wangu. Hii ikimpwaya itamwangukia." Wengi walicheka, wakakubali.

Fundi Mkuu alipostaafu na kurudi kwao Mahenge, kampuni ilifungua tawi Tegeta, karibu na wateja wetu wa Madale na Mbweni, nikahamishiwa huko. Bosi wangu mpya, Meneja wa Tawi, alikuwa kijana nadhifu, mtu wa makaratasi. Alitengeneza fomu ya upimaji yenye visanduku viwili, "Inamfaa" na "Haimfai", na chini yake sahihi ya mpimaji na ya mteja. Niliipenda fomu hiyo. Jina langu lilikuwa na uzito pale.

Jumamosi moja asubuhi aliingia mzee mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi, amemshika mkono msichana wa miaka tisa. Nilimtambua kabla hajavua kofia. Alikuwa mwalimu wangu mkuu wa shule ya msingi kule Temeke, aliyenifundisha hesabu, na aliyekwenda mwenyewe kumsihi baba yangu nisiachishwe shule nilipofika darasa la sita. Nikajikuta nimepiga goti kwenye sakafu ya yadi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe ni Somoe wa dawati la mbele. Kumbe ndiye bosi wa hapa?"

Wenzangu wakacheka, nami nikavimba kichwa. Msichana alikuwa mjukuu wake, Anitha. Mama yake alikuwa nesi, anafanya kazi kwa zamu, na likizo zote mtoto alikaa kwa babu Madale. Mwalimu alikuwa amemwahidi kwadi akifaulu mtihani, na amefaulu. Tayari alikuwa amechagua nyekundu ya cc 110.

Nilimpima Anitha kwenye hiyo nyekundu. Aliposimama, kidole changu kimoja kilipita kwa shida. Breki aliigusa kwa ncha ya kucha. Alipokata kona kushoto, kiwiko chake cha kulia kilinyooka kama rula na makalio yakaondoka kitini. Kwenye usikivu alikuwa bora kuliko mtoto yeyote niliyewahi kumpima. Alizunguka pipa la bluu taratibu, akarudi, akasimama, akaniuliza kama arudie.

"Mwalimu," nilisema, "hii ni kubwa kidogo kwake. Kuna ile ya 70."

"Ile ataimaliza mwaka mmoja. Huyu anakua haraka, atajaa."

"Ni kubwa, Mwalimu."

Alinitazama juu ya miwani, kama alivyokuwa akinitazama nikikosea jedwali la saba. "Somoe, wewe gauni lako la shule lilikuwa linafagia uwanja. Hukukua?"

Yadi nzima ilicheka. Nami nilicheka. Jibu langu la kiatu, nililowapa wazazi wengi, lilikuwa mdomoni, na sikulitoa. Kumwambia hapana mwalimu wangu mbele za watu, mtu ambaye bila yeye nisingejua hata kuijaza fomu ile, niliona ni utovu wa adabu. Nikaweka alama kwenye "Inamfaa". Nikasaini, naye akasaini chini yangu kwa mwandiko ule ule wa ubaoni.

Halafu nikajitafutia dawa ya kuitulizia roho yangu. Nilichukua bisibisi nikaikaza skrubu ya mafuta karibu mpaka mwisho. Nilijiambia, hata kama ni kubwa, itatambaa tu. Sikumweleza Mwalimu.

Madale ni vilima, na mimi nilikuwa napajua vizuri. Wiki ya pili Anitha aliipandisha mashine njia ya nyuma ya nyumba ya babu yake. Katikati ya kilima ikaishiwa nguvu, kwa sababu kibonyezo kilikuwa hakisukumiki zaidi. Ikasimama, ikaanza kurudi nyuma. Akatafuta breki, vidole havikufika. Matairi ya nyuma yalikwama kwenye mtaro, ya mbele yakanyanyuka, mashine ikampindukia. Fundi wetu aliyekwenda kuichukua ndiye aliyenieleza hayo, na aliniuliza ni nani aliyekaza skrubu namna ile kwenye mashine inayokwenda Madale. Nilimwambia sijui.

Nyonga ya Anitha ilivunjika pamoja na mguu. Alilazwa miezi mingi. Meneja wa Tawi aliitoa fomu kwenye faili, akaisoma, akairudisha. "Mteja amesaini, Bi Somoe, na wewe umesaini. Usiende kwao. Ukienda utaonekana una kosa." Ningependa kusema kwamba alinizuia. Ukweli ni kwamba nilifurahi kuambiwa hivyo.

Aliyekuja ni Mwalimu. Alikuja peke yake, shati halikupigwa pasi, akakaa kwenye benchi la wateja mpaka nilipomaliza na mzazi mmoja. Nilijua amekuja kunilaumu na nilikuwa tayari kukiri.

"Nimekuja kukuomba radhi," alisema. "Uliniambia ni kubwa. Nikakucheka mbele za watu."

"Mwalimu, si hivyo."

"Ni hivyo. Mama yake Anitha kaniuliza, baba, muuzaji hakukuonya? Nikamwambia alinionya. Siwezi kusema uongo. Kamchukua mtoto, kasema sitamwona tena."

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema. Nilitakiwa nimwambie kwamba nilimwonya kwa mdomo, nikamruhusu kwa kalamu. Na kwamba vidole kutoifikia breki kusingetosha kumwangusha mtoto kama mashine isingeishiwa nguvu, na nguvu niliziondoa mimi kwa bisibisi bila kumwambia mtu. Ningekwenda kwa yule nesi nikayasema hayo, huenda hasira yake ingegawanyika na mzee angebakiwa na sehemu anayoweza kuibeba. Badala yake nilimwitia soda. Aliinywa nusu, akanishukuru, akaondoka. Nilimwacha aondoke na mzigo wote, wake na wangu.

Baada ya hapo nilikuwa mkali. Sikumpitishia mtu yeyote mashine isiyomfaa, awe mchungaji, awe mjumbe wa nyumba kumi, awe shemeji yangu, ambaye hatusemeshani hadi leo. Meneja wa Tawi alinisifu kwenye vikao. Nilipostaafu walinipa kitenge na saa ya ukutani, wakasema katika miaka yangu yote hakuna mteja aliyewahi kunilalamikia. Nilikaa chini haraka, wakadhani ni furaha.

Kustaafu kuna ubaya mmoja ambao hamjaujua: asubuhi hakuna mtoto wa kupima. Unabaki na wale uliokwisha kuwapima. Nilivumilia miezi minne, kisha nikapanda bodaboda mpaka Madale kumtafuta Mwalimu.

Geti lilifunguliwa na msichana wa miaka kumi na minane anayetembea kwa kuegemea upande mmoja. Aliniamkia, akanikaribisha kibarazani. Mwalimu alikuwa amefariki mwaka uliopita, na Anitha na mama yake walikuwa wamehamia pale baada ya arobaini. Mama yuko kazini. Nilitaka kuaga. Kisha nikaona kwamba nikiaga sitarudi tena, nikamwambia mimi ni nani, nikamweleza yote: kiwiko, kisanduku, skrubu, soda.

Alisikiliza bila kunikatiza, kwa usikivu ule ule. Nilipomaliza alikuwa anautazama mguu wake.

"Mama alikuwa anajua kuhusu skrubu?"

"Hapana."

"Na babu?"

"Hapana, mwanangu. Nilimficha."

"Mama alikuja hapa siku ya kuzika tu. Miaka minane, nyumba ni hii hii, njia ni hii hii, hakuja. Babu alikuwa anapiga simu kila Jumapili, mama anaikata." Aliinua uso. Hakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo. "Wewe ulikuwa wapi, bibi?"

Ningeweza kumwambia kuhusu Meneja wa Tawi.

"Tegeta," nikamjibu. "Hapo chini, kazini."